Chokaa Iliyolala

Wiki iliyopita nilikabidhi ndoo zangu, chekecheke na ufunguo wa banda, nikaambiwa sasa mimi ni mstaafu. Neno lenyewe bado halijanikaa. Asubuhi naamka, navaa nguo za kazi, nafika mlangoni, ndipo nakumbuka kwamba siendi popote. Mke wangu amenishauri nitafute shughuli nyingine kabla sijaanza kupaka chokaa kuku wake. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaobaki katika kazi yetu ya kupaka nyumba zilizoingiwa na maradhi. Nimewaona mara nyingi mkiichota chokaa kama mtu anayechota mchanga, bila hata kuiangalia ina hali gani. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikawia njiani, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi enzi ya Mdachi, reli ikiwa bado ngeni Morogoro na watu wakienda stesheni kuangalia tu gari moshi linavyopumua. Bendera zimebadilika tangu wakati huo, lakini chokaa ni ileile.

Aliyenifundisha ni Fundi Mbaruku, mtu wa Pangani, mfupi, mwenye kikofia ambacho sijawahi kukiona kikichafuka ingawa sisi wengine tulishinda weupe kama mizimu. Kwao alikuwa akichoma matumbawe ya baharini kupata chokaa ya kujengea. Boma lilipomleta huku bara alikuta hakuna matumbawe, kuna mawe meupe ya mlimani. Hakuyaamini. Alisema jiwe ambalo halijawahi kuonja chumvi litatoa chokaa ya namna gani. Alilichoma hivyohivyo, akaona limekubali, na baada ya hapo akawa analisifu kana kwamba amelizaa yeye.

Tanuri letu lilikuwa Msamvu, wakati huo ni pori na nyasi ndefu. Siku yangu ya kwanza, baada ya kumwamkia shikamoo na yeye kuitikia marahaba, Fundi aliniwekea kipande cha jiwe lililokwisha kuchomwa katika kiganja changu, akaniambia nikitemee mate. Nilitema. Kile kipande kikalia kama mafuta ya kikaango, kikapasuka, kikawa moto hata nikakitupa na kuruka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hiyo ndiyo chokaa hai," aliniambia. "Sasa mmejuana."

Kisha akanionyesha chupa ya mafuta ya nazi ya kupaka mikono kabla ya kazi, na mtungi wa maji safi ambao haukuruhusiwa kuwa mbali. Chokaa ikikuingia jichoni usisugue hata kidogo. Mwagia maji, mwagia tena, ndipo ulie. Wengi wenu mnaanza na kulia.

Mwaka niliokuwa nimekwisha kuzoea kazi, ndui iliingia milimani. Amri ya wakati ule ilikuwa rahisi na mbaya: nyumba iliyotoka mgonjwa wa ndui inachomwa moto. Mgonjwa anapelekwa kwenye banda la kutengwa, na nyumba yake inateketezwa na vitanda, mikeka na kila kitu. Kwa hiyo watu wakawa wanawaficha wagonjwa. Waliwapeleka mashambani, wakawafunika kwenye vihenge, wakasema mtu kasafiri. Ugonjwa ukazidi kutembea.

Daktari wa boma, ambaye sote tulimwita Bwana Mganga, ndiye aliyeona kwamba moto unaongeza ndui badala ya kuipunguza. Alikuwa Mdachi mwembamba. Kiswahili chake kilikuwa safi ila kilitembea kama kinapiga gwaride. Alikuja Msamvu akatueleza kwamba ugonjwa unabaki katika magamba ya vidonda yanayodondoka na kujificha kwenye nyufa za ukuta. Kitu chenyewe kilichomo ndani ya magamba ni kidogo mno, hata yeye na mitambo yake hajakiona. Lakini kikiguswa na chokaa kinakufa palepale. Kwa hiyo amepewa ruhusa kujaribu kupaka nyumba badala ya kuzichoma. Akamwomba Fundi amtolee chokaa iliyo bora kuliko zote.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na hakuna aliyedanganya wala aliyezembea. Kwa fundi wa pwani, chokaa bora ni chokaa ya zamani. Ikitoka tanurini inamwagiwa maji, inachekechwa, inalundikwa bandani na kulala miezi na miezi. Ile mpya ina hasira, inatoa malengelenge kwenye ukuta wa msikiti. Ile iliyolala ni laini kama unga wa muhogo na nyeupe kuliko zote. Fundi alikuwa na lundo la namna hiyo alilolitunza kwa wivu. Alilifungua kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya Bwana Mganga, na mimi nilijua huo ni upendo.

Tukaenda kupaka nyumba moja katika kijiji cha chini ya mlima, njia ya kupandia Kinole. Ilitoka imeng'aa mpaka majirani wakaanza kutamani na wao wangeugua kidogo. Mwenye nyumba akarudi ndani na mke wake. Mke wake akashikwa na ndui.

Yule mama alipona, namshukuru Mungu. Lakini habari zilifika kwa akida kabla yetu. Akida, aliyetawala upande ule kwa niaba ya boma, alikuwa mtu wa amri na alipenda kazi inayoonekana, na hakuna kazi inayoonekana kuliko moto. Alimwandikia bwana mkubwa wa boma kwamba chokaa ni mapambo tu. Bwana Mganga akaambiwa atapewa nyumba moja tu zaidi ya kujaribia. Ikishindikana, viberiti vinarudi.

Fundi Mbaruku alikaa bandani siku nzima. Mwanadamu akishindwa na kitu alichokipenda anakuwa kama amefiwa. Jioni alitoa vifaa vyake vya tambuu, akatandika jani, akaweka popoo, akafungua kikopo chake kidogo na kuchota chokaa kwa ncha ya kidole. Mimi nilikuwa nafagia. Nilimuuliza, kwa kutafuta la kusema tu, kwa nini anajisumbua na kikopo na hali amekaa juu ya lundo zima.

"Hiyo imelala," alinijibu. "Haina ukali. Ukiitia kwenye tambuu mdomo hauwi mwekundu."

Alianza kutafuna. Halafu taya likasimama. Aligeuka akalitazama lile lundo lake, akanitazama mimi, akatema tambuu nzima nje ya mlango.

"Rajabu," alisema, "tumepaka nyumba kwa maiti."

Hatukungoja kesho. Tulimkuta Bwana Mganga kibarazani kwake anakunywa chai. Fundi, bila kupewa kiti, alitafuna mbele yake tambuu ya chokaa ya lundo akatema kwenye sahani, mate ya rangi ya kahawia. Kisha akatafuna nyingine kwa chokaa mpya akatema mate mekundu kama damu ya kuku. Mpishi alitukasirikia sana kwa ajili ya sahani. Bwana Mganga yeye alipiga paja kwa furaha. Alisema hewa ndiyo inayoiua chokaa pole pole hadi inarudi kuwa jiwe la unga, na kosa ni lake pia, maana aliomba bora bila kusema bora kwa kazi gani. Akaongeza kwamba kwao wanapima kwa karatasi iliyotiwa manjano. Manjano yakigusa chokaa hai yanageuka mekundu. Karatasi zake zimeoza kwa unyevu, lakini huko Kinole manjano yamejaa mashambani. Walicheka wawili hao kama watoto wa mtaa mmoja.

Nyumba ya mwisho ya kujaribia ilikuwa huko huko Kinole. Tulipita Kingolwira, tukazunguka mlima upande wa mashariki, tukapanda kwenye migomba na michungwa na ukungu. Chokaa hatukubeba. Ile hai ikinyeshewa njiani inachemka mgongoni mwa mchukuzi, na huko mvua haiombi ruhusa. Tulibeba tindo, nyundo, brashi za katani na chekecheke, tukitegemea mawe tutayakuta na kuyachoma palepale.

Nyumba ilikuwa ya Bi Tatu, mkulima wa manjano na tangawizi, mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye sauti ya kuvusha bonde. Kaka yake aliugulia humo na sasa alikuwa katika banda la kutengwa, anaendelea kupona. Wengine wote wa nyumba ile walikuwa wamekwisha kuchanjwa na walikuwa wazima. Tulidhani kazi ni nyepesi. Ndipo Bi Tatu alipotueleza kwa nini amelala mlangoni tangu akida alipoleta kuni na kuzipanga nje ya ukuta.

Ndani kulikuwa na mwali. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa amewekwa ndani tangu alipovunja ungo, kama ilivyo desturi ya Waluguru, na siku yake ya kutolewa ilikuwa bado miezi. Mwanamume asiye wa ukoo haruhusiwi kumwona. Kumtoa mchana mbele ya askari, kwa kukimbia moto, ingekuwa aibu ya ukoo mzima. Miezi yote aliyokaa gizani ingekuwa bure, na nyumba aliyoingilia, nyumba ya mama na bibi zake, isingekuwepo ya kutokea. Bi Tatu alisema hayo bila kulia. Alisema tu kwamba wakiichoma watamchoma na yeye, kwa hiyo walete kuni za kutosha.

Akida alitupa mpaka siku ya gulio. Alitamka hivyo akiangalia mawingu, na alitabasamu.

Mawe meupe tuliyapata mtoni. Tulijenga tanuri dogo la mviringo, magogo chini, mawe juu, njia ya hewa katikati, tukawasha. Siku iliyofuata mvua ikaanza. Maji yakiingia kwenye tanuri katikati ya kazi unapoteza kila kitu, na hatukuwa na siku ya kuanzia upya. Fundi alisimama amevua kikofia chake na kukishika mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilifikiri anaomba dua. Kumbe alikuwa anahesabu watu, kwa sababu wanawake wa Kinole walikuwa wanashuka mlimani na majani ya migomba vichwani, Bi Tatu akiwa mbele anapaza sauti. Walisimamisha miti na kuezeka paa juu ya moto wetu, juu kabisa lisishike, wakabaki chini yake wakibadilisha majani kila yaliponyauka. Walitutania pia. Walisema hawajapata kuona wanaume wanapika chakula kirefu namna hii na hakina hata chumvi.

Mawe yaliiva. Mtaujua uivu wa jiwe kwa uzito: likiiva linakuwa jepesi hata mkono unashangaa. Tuliyatia ndani ya pipa na kuyamwagia maji kidogo kidogo, yakachemka, yakavimba, yakatoa mvuke uliofunika ua. Maziwa yake tuliyachuja yakiwa bado na joto.

Sasa kupaka. Nje tulipaka mimi na Fundi. Ndani hatukuweza kuingia, na Bi Tatu alikuwa hajawahi kushika brashi ya chokaa. Basi nilisimama nje ya ukuta nikaeleza kazi kwa sauti: anza juu shuka chini, jaza kila ufa, usirudi nyuma kabla hapajashika, funga kitambaa kichwani na paka mafuta mikononi. Nilimsikia Bi Tatu akiingia na ndoo. Baada ya muda alitoka na kukaa juu ya kinu, lakini ndani sauti ya brashi iliendelea.

Nilimuuliza nani anapaka. Alisema mwenye chumba. Mtoto amekaa humo ndani miezi hajafanya kazi ya maana, amenyang'anya brashi na hataki kuirudisha. Kungwi wake, yaani mama anayemfunda, alikuwa anasikika akilalamika kwamba mwali hafanyi kazi ya vibarua. Brashi haikusimama. Mwali haruhusiwi kuongea na mwanamume, kwa hiyo nilipouliza kama amefika kona aligonga ukuta mara moja, na nilipouliza kama chokaa imekwisha aligonga mara mbili. Tulipaka nyumba nzima namna hiyo, mimi nikisema na ukuta na ukuta ukinijibu. Wapita njia walinisikitikia.

Siku ya gulio Bwana Mganga alifika juu ya nyumbu, na akida akaja na askari wake na kijinga cha moto. Watu walijaa ua mzima. Nje palionekana weupe mtupu, na akida akasema hata ile nyumba ya chini ilikuwa nyeupe. Ndani nani ameona? Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni na mikono kwenye miimo. Bwana Mganga hakutaka kumsukuma, lakini niliona anavyoangalia zile kuni, na nilijua kwamba bila ushahidi hana la kuandika.

Fundi Mbaruku akaomba manjano. Alisaga, akaloweka kitambaa cheupe kikawa njano iliyoiva, akakifunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu. Akampa akida mwenyewe. Alimwambia kwa adabu kwamba kati ya paa na ukuta kuna nafasi pande zote. Bwana Akida achague popote anapotaka, apenyeze mwanzi, asugue ukuta wa ndani, atoe. Kikiwa chekundu, chokaa ni hai. Kikiwa cha njano, awashe. Bwana Mganga aliitikia kwa kichwa.

Akida alichagua upande wa kaskazini. Kitambaa kikatoka chekundu. Fundi akafunga kingine. Upande wa mto, chekundu. Nyuma, chekundu. Watu wakaanza kuguna kwa furaha. Akida alizunguka nyumba polepole, akijinyoosha kwa vidole vya miguu, akapenyeza mwanzi juu kabisa, juu ya dari la mahindi ambapo moshi wa miaka umeganda. Alisugua kwa muda mrefu. Akautoa.

Kitambaa kilikuwa cha njano, na masizi juu yake.

Bi Tatu aliteremsha mikono kutoka kwenye miimo. Akida alikiinua kitambaa ili kila mtu aone, akamgeukia askari mwenye moto. Ndipo tukasikia ndani kitu kinaburutwa, kama kinu, halafu mahindi yanaporomoka, halafu brashi. Brashi ilikwenda kwa nguvu, ikachovya kwenye chokaa iliyobaki ndooni, ikaenda tena. Kisha sauti ya msichana ikatoka juu, karibu kabisa na paa.

"Bwana Akida," ilisema, "rudisha mwanzi."

Kungwi alipiga ukelele wa aibu. Wazee wa Kinole wote waligeuza nyuso zao upande wa bonde, na akida naye, ambaye mama yake ni Mluguru, aligeuza uso wake, maana sauti ya mwali si ya kujibiwa na mwanamume. Alibaki ameushika mwanzi hajui aupeleke wapi. Bwana Mganga, ambaye desturi hiyo haikumhusu, aliuchukua kwa upole, akafunga kitambaa kipya, akaupenyeza mahali palepale, akasugua. Ulipotoka, wekundu wake ulionekana hata kwa waliokuwa nyuma ya michungwa.

Kijinga kilizimwa kwenye dimbwi. Zile kuni za akida Bi Tatu alizipikia pilau ya watu wote, na akida alikula.

Mwanaidi alitolewa kwa siku yake, katika mlango wa nyumba yake, mabegani mwa mjomba wake yuleyule aliyepona ndui. Mimi na Fundi tulialikwa. Alipita mbele yetu ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, na mimi machozi yalinitoka mbele za watu, sikuyafuta. Hakuna mtu aliyeugua katika nyumba ile.

Msimu uliofuata Bi Tatu alishuka naye mpaka Msamvu. Alisema binti haingii tena nyumba ya mtu bila kuangalia juu ya dari, na majirani wamechoka kuambiwa wapi hapajapakwa. Bwana Mganga alimwandika kazini siku hiyohiyo, na tangu hapo hatukupanda mlima bila wanawake wa kupaka vyumba vya ndani. Wengi wenu mmefundishwa na huyohuyo, Bi Mwanaidi, na mnajua kwamba hajabadilika.

Lakini siku ninayotaka kuisimulia mwisho ni moja tu, si muda mrefu baada ya hapo. Tulikuwa tunachekecha, mtu akaja anakimbia kutoka njia ya mlimani, jasho limemlowesha. Tulidhani amefukuzwa na askari. Alisimama mbele ya Fundi, akavuta pumzi.

"Shikamoo, Fundi. Nyumbani kwangu kuna ndui. Mtoto tumempeleka wenyewe kwenye banda. Njooni mpake."

Fundi Mbaruku aliitikia marahaba. Alishika bega la yule mtu akabaki amelishika. Nilipogeuka kumtafuta Mwanaidi, alikuwa ameshatangulia njiani na ndoo yake.